UZI: Billy Graham, mtoto wa mfugaji wa Charlotte, na kazi iliyofanyika nyuma ya mimbari yake

#1 Karani wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Kila uzi humu unaomtaja Billy Graham, mhubiri wa mikutano wa Marekani, huishia kwenye sauti yake na ukubwa wa viwanja alivyojaza. Hayo yanasimulika kirahisi. Nyuma ya mimbari kulikuwa na ofisi, kadi, madarasa ya washauri (waumini wa kuzungumza na wanaoitikia mwito), hesabu za sadaka na masharti ya safari, na humo ndimo alimotofautiana na wahubiri wengi wa mikutano waliomtangulia. Nitaweka kwa vipande. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye swali aulize. Ubishi wa dhehebu gani ndilo la kweli una nyuzi zake, tuuache huko huko.

Nianze na shamba. Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1918 nje kidogo ya mji wa Charlotte, North Carolina, Marekani. Baba yake, Frank Graham, alifuga ng'ombe wa maziwa akishirikiana na ndugu yake. Mama, Morrow, ndiye aliyewasomesha watoto Biblia na katekisimu ya Kipresbiteri. Billy alikuwa wa kwanza kati ya wanne. Kazi ilianza mnamo saa tisa usiku: kukamua kwa mkono ng'ombe wapatao 20, kisha shule, na mchana akirudi anawakamua tena.

Aliyewahi kufuga anajua maana yake. Ng'ombe wa maziwa hajui Jumapili wala sikukuu. Ukichelewa kumkamua, kiwele kinajaa hadi kinauma, na ukirudia kosa hilo maziwa yanapungua na ugonjwa wa kiwele unaingia. Maziwa nayo lazima yafike mlangoni kwa mteja asubuhi, hakuna cha kesho. Frank alikuwa na shule ndogo sana, ila ratiba hiyo hakuiacha hata siku moja ilegee. Mwaka 1933 benki iliyomtunzia akiba ilipoanguka, fedha zake zilikwenda na maji. Kilichomwokoa ni kwamba mwenye maziwa hupata senti kila siku, tofauti na mkulima wa pamba anayesubiri msimu.

Wapo wanaodhani maisha ya shamba yalimpa unyenyekevu. Unyenyekevu siwezi kuupima. Ninachokiona kwenye kumbukumbu zake za kazi ni mtu aliyezoea kwamba kazi ya leo inaishia leo.

#2 Sauti ya Tatu

Mkuu Karani, twende taratibu. Kuna watu husema aliokoka kwa sababu ya lori. Hiyo iko vipi?

#3 Karani wa Zamu

Lori lilihusika kweli, lakini anza miezi michache nyuma. Mei 1934, kundi la wakulima na wafanyabiashara wa Charlotte walifanya maombi ya siku nzima kwenye malisho ya Frank. Mmoja wao, Vernon Patterson, aliomba Mungu ainue mtu kutoka Charlotte atakayehubiri hadi miisho ya dunia. Billy alikuwa akilisha nyumbu wa shamba, na kibarua alipomuuliza wale ni akina nani, alijibu kwamba huenda ni washupavu tu waliomshawishi baba awape nafasi.

Msimu wa vuli mhubiri Mordecai Ham akaja Charlotte. Walimjengea banda kubwa la mbao, paa la bati, chini unga wa mbao. Kijana alikuwa anakaribia miaka 16 na hakutaka kwenda. Albert McMakin, aliyefanya kazi shambani kwa Frank, akajaza watu kwenye lori lake na kumwambia Billy aendeshe yeye. Nani wa umri huo angekataa usukani? Alipofika usiku wa kwanza, akarudi wa pili, akaendelea.

Ham alikuwa na tabia ya kunyoosha kidole kwenye umati kana kwamba anamjua mwenye dhambi kwa jina. Ili kukikwepa, Billy na rafiki yake Grady Wilson walijiunga na kwaya, kwa sababu kwaya ilikaa nyuma ya mhubiri. Billy hakujua kuimba hata kidogo. Mwishowe aliitikia mwito na kwenda mbele. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakutokwa na machozi wala hakuhisi msisimko mkubwa, wakati jirani yake pale mbele alikuwa analia. Shikeni hilo, litarudi tukifika kwenye washauri.

#4 Mtunza Shajara

Naomba nijazie sehemu ya mafunzo, maana wengi huruka kutoka shambani hadi uwanjani.

Kiangazi cha 1936 aliuza burashi nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo inafundisha kitu kimoja haraka: una sekunde chache mlangoni, sema jambo lako. Mwaka huohuo akaingia Bob Jones College, hakudumu, Januari 1937 akahamia chuo cha Biblia karibu na Tampa, Florida.

Hubiri lake la kwanza lilikuwa wakati wa Pasaka 1937 kwenye kanisa dogo la Kibaptisti huko Bostwick, Florida. Aliandaa mahubiri manne, akidhani kila moja ni refu. Yote manne yaliisha kwa dakika nane. Anayefundisha wahubiri wachanga anajua sababu: maelezo ya kwenye karatasi yalikuwa vichwa vya habari tu bila mifano, na woga unaondoa vituo vya kupumua. Baada ya hapo alijizoeza peke yake kando ya mto, akihubiria visiki na ndege. Miaka ya baadaye hubiri lake la uwanjani lilikuwa na muhtasari uliochapwa kwa herufi kubwa, andiko moja la msingi, na fungu lilelile la maneno, "Biblia inasema", likirudiwa kila hoja inapofungwa. Msikilizaji aliyeketi mbali na mhubiri akipitwa na sentensi tatu, "Biblia inasema" inamrudisha kwenye mstari.

Mambo ya kikanisa yalikwenda hivi: alilelewa Mpresbiteri, akabatizwa kwa kuzamishwa mwaka 1938, akawekwa wakfu na Wabaptisti wa Kusini mwaka 1939. Kisha Wheaton College, Illinois, alikosomea anthropolojia, akahitimu 1943. Agosti 13 mwaka huo akamwoa Ruth Bell, binti wa daktari mmisionari aliyekulia China.

Uchungaji wa kanisa moja aliufanya kwa muda mfupi sana, pale Western Springs, Illinois, 1943 hadi 1944. Kanisa lenyewe lilikuwa halijajengwa, ibada zilifanyika kwenye ghorofa ya chini ya ardhi iliyoezekwa juu ya msingi. Akapokea kipindi cha redio cha Jumapili usiku kutoka kwa mchungaji ambaye kilikuwa kimemlemea, akamwomba mwimbaji George Beverly Shea aimbe humo. Mwaka 1945 akaondoka kuwa mwinjilisti wa kudumu wa Youth for Christ, shirika la kuwahubiria vijana.

#5 Shemasi Mstaafu

Kwa hiyo ndugu zangu, huyu hakuwa mchungaji kwa maana tunayoijua. Hakuzika, hakusuluhisha ndoa, hakukaa na kikao cha wazee wa kanisa hadi usiku wa manane. Miaka miwili haitoshi.

#6 Karani wa Zamu

Mzee Shemasi, nakubali, na ndiyo maana alikataa mikutano yake igeuke kanisa. Waliokuja mbele walirudishwa kwenye makanisa ya mji husika. Tutafika huko.

Kwanza kile kikao cha Modesto, California, Novemba 1948. Walikuwa wanne: Graham, Cliff Barrows wa kwaya na programu, Shea wa nyimbo, na Grady Wilson. Graham aliwaambia kila mtu aende chumbani kwake kama saa moja, aandike mambo yaliyowaharibu wahubiri wa mikutano. Waliporudi, orodha zilifanana. Wakakubaliana mambo manne.

Fedha: kuacha kutegemea sadaka za kushinikiza, na kutaka kamati ya mji ndiyo iandae na isimamie fedha. Wanawake: hakuna kusafiri, kukutana wala kula na mwanamke asiye mkeo mkiwa wawili tu. Makanisa: hakuna kuwasema vibaya wachungaji wa mji, hata wasiowaunga mkono. Idadi: hakuna kutia chumvi, watumie makadirio ya polisi au ya wenye uwanja, hata kama wao wanaona ni madogo.

Haikuwa hati ya kutia saini. Ilikuwa makubaliano ya mdomo, na watu wanne hao waliyaishi kwa miaka mingi. La wanawake linasemwa sana siku hizi, na lina lawama zake: mwanamke mwenye kazi ofisini anakosa kikao ambacho mwanamume mwenzake anakipata. Lawama hiyo ina uzito. Ila kwa mhubiri anayelala hotelini miezi minane ya mwaka, kanuni inayozuia mazingira ni rahisi kuifuata kuliko inayotegemea moyo wa siku hiyo.

#7 Binti Kamati

Hapo kwenye "kamati ya mji" ndipo pana utamu. Los Angeles 1949 inaonyesha vizuri. Waliomwalika walikuwa na bajeti ya dola 7,000. Graham aliweka masharti matatu: waongeze makanisa na madhehebu yanayounga mkono, bajeti ipande hadi dola 25,000 ili matangazo yatoshe, na hema liwe kubwa kuliko walilopanga. Kamati ilisita, mwishowe ikakubali.

Angalieni mpangilio wa masharti yenyewe. Makanisa yakiwa machache, hema kubwa litabaki tupu, na matangazo yataita watu ambao hakuna wa kuwapokea kesho yake. Ukianza na hema umeanza na mwisho. Kamati nyingi huanzia kwenye vyombo vya muziki, halafu zinashangaa wiki ya pili viti vinapungua.

Mkutano ulianza tarehe 25 Septemba ukipangiwa wiki tatu. Uliishia tarehe 20 Novemba, wiki nane. Magazeti ya William Randolph Hearst yalianza kuandika habari zake katikati, na watu wenye majina wakaokoka humo: mtangazaji wa redio Stuart Hamblen, mwanariadha wa Olimpiki na mfungwa wa vita Louis Zamperini. Kilichoharibika? Mhubiri aliishiwa mahubiri. Akiba ya wiki tatu haiwezi kulisha wiki nane, ikabidi aazime kwa wenzake na kwa wahubiri wa zamani, hata usiku mmoja akatumia hubiri la Jonathan Edwards la karne ya 18. Baada ya hapo kuongeza siku hakukuamuliwa kwa msisimko wa jukwaani pekee.

#8 Sauti ya Tatu

Dada Binti Kamati, umeongelea bajeti. Sadaka je? Maana hapo ndipo wengi wanapoanguka.

#9 Mhasibu wa Parokia

Nichukue hilo.

Utaratibu wa zamani wa wahubiri wa mikutano ulikuwa huu: sadaka za kila siku zinalipa gharama, ya siku ya mwisho ni ya mhubiri. Kasoro yake ni ya kihesabu kabla haijawa ya kiroho. Mapato ya mhubiri hayana kikomo, yanategemea msisimko wa siku moja, na anayehimiza watu watoe ndiye anayepokea.

Graham aliufuata mpaka Atlanta, mwishoni mwa 1950. Mkutano ulipoisha, gazeti la mji lilichapisha picha mbili pamoja: wahudumu wakiwa na magunia ya sadaka, na Graham akitabasamu na kupunga mkono akiondoka. Hakuna neno la uongo lililoandikwa, picha zilitosha. Akaomba ushauri kwa viongozi wa makanisa, na kuanzia 1952 akawa anapokea mshahara uliopangwa, dola 15,000 kwa mwaka, kiasi kilicholingana na cha mchungaji wa kanisa kubwa la mjini. Sadaka za mkutano zikahesabiwa na kamati ya mji husika, zikalipia bajeti ya mkutano, na hesabu zilizokaguliwa zikatangazwa.

Chama chake cha uinjilisti kilizaliwa mwaka huohuo wa 1950 kwa sababu ya boksi la viatu. Walikuwa Portland, Oregon, na walitakiwa kupata dola 25,000 ili kuanza kipindi cha redio cha kitaifa. Watu walipotoa baada ya ibada, fedha na ahadi ziliwekwa kwenye boksi la viatu. Shida ikawa kuipeleka benki: ikiingia akaunti ya mtu binafsi, kwa sheria ya kodi ni mapato yake. Ndipo wakasajili chama kisicho cha faida, makao yake Minneapolis, na George Wilson akawa msimamizi wa ofisi. Kipindi kilianza kurushwa tarehe 5 Novemba 1950.

Msidhani kila kitu kilikwenda sawa. Mwaka 1977 gazeti la Charlotte lilifichua kuwepo kwa mfuko ulioandikishwa Texas wenye zaidi ya dola milioni 20, ambao wachangiaji wa kawaida hawakuujua. Ulisajiliwa kihalali na mamlaka ya kodi ilikuwa na taarifa zake. Kosa lilikuwa kunyamaza: mtu anayeombwa dola tano kwa barua ana haki ya kujua kuna milioni ngapi pembeni. Baadaye taarifa za fedha zilianza kutolewa hadharani, na chama kilikuwa kati ya waanzilishi wa baraza la uwajibikaji wa fedha la mashirika ya kiinjili, lililoundwa 1979.

#10 Shemasi Mstaafu

Sasa turudi kwenye kadi na washauri. Mtu ameinuka, amekwenda mbele, kwaya inaimba. Nini kinafuata?

#11 Binti Kamati

Mzee, hapo pana kazi ya miezi kabla ya usiku wenyewe.

Graham alimwendea Dawson Trotman, mwanzilishi wa Navigators, shirika la Kikristo la kuwafundisha waumini Biblia, kumsaidia kupanga ufuatiliaji mnamo 1951, na baadaye Charlie Riggs akaendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi. Enzi zake, mkutano ukishakubaliwa, mkurugenzi na wafanyakazi wachache huhamia mjini mapema, mara nyingi mwaka mzima kabla. Wanafungua ofisi, wanaunda kamati ndogo: maombi, kwaya, wahudumu wa ukumbi, matangazo, fedha, washauri. Washauri hutoka makanisa ya mji na kupitia madarasa ya kila wiki kwa wiki kadhaa. Wanafundishwa kufungua maandiko machache bila kubabaika, kusikiliza kabla ya kusema, na kutomlazimisha mtu alie. Hapo ndipo mnakumbuka kijana wa 1934 aliyekwenda mbele bila chozi: machozi si kipimo kwenye kadi.

Usiku wa mkutano washauri hawakai pamoja. Wametawanywa kati ya watu kote uwanjani wakiwa na beji. Mwito unapotolewa, mshauri anaangalia aliyeinuka karibu naye, wa jinsia yake na umri unaokaribiana, anateremka naye. Hii ina tatizo lililosemwa na waandishi wa habari mapema kabisa: kwenye njia za katikati, sehemu ya wanaotembea ni washauri. Anayetazama kutoka mbali anadhani wote ni waliookoka. Na mwendo wa washauri wenyewe huwapa wengine ujasiri wa kuinuka. Kama hiyo ni msaada au shinikizo, kila mtu aamue, ila anayeiga utaratibu huu aijue.

Mbele, mshauri anajaza kadi: jina, anwani, kundi la umri, aina ya uamuzi, kanisa analolijua au analopendelea. Msimamizi anaikagua papo hapo kabla mtu hajaondoka, kwa sababu anwani isiyosomeka kesho ni mtu aliyepotea. Kadi zinakwenda kwenye chumba cha makarani wa kujitolea, wanazipanga kwa kanisa usiku uleule, na barua kwa mchungaji husika inatumwa haraka. Mshauri naye anatakiwa kuwasiliana na mtu wake ndani ya saa 48. Mtu anapewa masomo ya Biblia ya kujaza na kurudisha kwa posta.

Panapoharibika ni baada ya barua kufika. Mchungaji aliyeunga mkono kwa jina tu hupokea majina na kuyaweka kwenye droo ya meza. Kanisa dogo hupelekewa majina mengi kuliko watu wa kuwatembelea. Aliyeandika "sina kanisa" hupangiwa la karibu, ambalo huenda halitaki. Na wengi wa wanaokwenda mbele tayari wana kanisa, kwa hiyo ongezeko la washiriki huwa dogo kuliko idadi ya kadi.

#12 Mtunza Shajara

Niongeze mbinu moja iliyozaliwa London. Mkutano wa Harringay ulianza tarehe 1 Machi 1954 na kumalizika tarehe 22 Mei, uwanja wa Wembley ukiwa na watu 120,000. Huko walianza Operesheni Andrea, wakifuata yule Andrea aliyemleta ndugu yake Simoni: Mkristo anaandika majina ya watu anaowaombea, anawaalika, anakaa nao kwenye basi lilelile. Basi linaondoa visingizio vya usafiri, na mtu aliyeletwa na jirani yake ana wa kumfuatilia hata kadi yake ikipotea. Mikutano ilirushwa pia kwa nyaya za simu hadi kumbi za miji mingine, sauti tu bila picha.

Ila London nusura iharibike kabla haijaanza, kwa neno moja. Kalenda ya maombi iliyochapishwa Minneapolis ilisema kwamba, kwa Uingereza, ambacho mabomu ya Hitler hayakuweza, ujamaa ulikifanya. Chama cha Leba, chenye siasa za kijamaa, kilikuwa kimetoka madarakani miaka michache tu nyuma. Mwandishi Hannen Swaffer aliikamata akaichapisha, mbunge mmoja akataka Graham azuiwe kuingia nchini. Utetezi wa ofisi ulikuwa kwamba neno lililokusudiwa ni mambo ya kidunia na kwamba nakala za Uingereza zilirekebishwa. Graham akaomba radhi alipofika. Karatasi ya maombi inayovuka mpaka isomwe na mtu wa nchi inakokwenda kabla ya mashine kuanza kuchapa, basi.

#13 Nyakati

Nimesoma yote. Lakini mbona mnaruka ubaguzi wa rangi na ukaribu wake na Rais Nixon? Au kwa kuwa ni mtumishi wa Mungu?

#14 Karani wa Zamu

Haturuki, Nyakati.

Mikutano yake ya mwanzo Kusini mwa Marekani ilikaa kwa kutenganishwa weupe na weusi, kama desturi ya kule. Chattanooga, Machi 1953, aliwaambia wahudumu waondoe kamba za kuwatenganisha, walipokataa akaziondoa kwa mkono wake, na mkuu wa wahudumu akajiuzulu. Mwaka uleule Dallas akakubali tena utengano. Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1954 iliyokataza kutenganisha wanafunzi kwa rangi shuleni, hakurudi nyuma tena. New York 1957, mkutano wa wiki 16 pale Madison Square Garden, Martin Luther King alikuja kuomba jukwaani, na Howard Jones akawa mhubiri mweusi wa kwanza kwenye timu yake. Afrika Kusini alikubali kuhubiri 1973 tu, pale watu wa rangi zote walipoweza kuketi pamoja. Lakini maandamano ya barabarani hakuyaunga mkono, na King alimkosoa kwa kushirikiana na wanasiasa watenganishaji. Alikwenda polepole, na katika jambo hilo kwenda polepole ilikuwa ni kuchagua upande kwa muda.

Nixon ni suala jingine. Rudini Modesto muone kilichokosekana: mambo manne, hakuna hata moja linalosema lolote kuhusu watawala. Fedha ilikuwa na karani, safari ilikuwa na mwenzake wa kuandamana naye, idadi ilikuwa na polisi. Ikulu hakukuwa na kitu. Alikaa na marais mmoja baada ya mwingine, na kwa Nixon akavuka kutoka kuomba hadi kushauri mbinu za uchaguzi. Kanda za 1972 zilizotolewa 2002 zilimrekodi akikubaliana na Nixon kwa maneno mabaya dhidi ya Wayahudi. Aliomba radhi hadharani akiwa na miaka 83. Huyuhuyu asiyekula chakula cha mchana na karani wa kike bila mtu wa tatu aliingia ofisi ya rais bila kanuni yoyote. Hilo ndilo ninaloliona zito kuliko yote kwenye maisha yake.

Familia nayo haikuandikwa Modesto. Watoto watano walilelewa zaidi na Ruth huko Montreat, baba akiwa safarini kwa miezi. Uzeeni alipoulizwa angebadili nini, alitaja kusoma zaidi, kuhubiri kidogo, kukaa zaidi na nyumba yake, na kuepuka siasa.

#15 Shemasi Mstaafu

Hapo umenifunga mdomo, Karani. Nilidhani mtamtetea. Swali langu la mwisho: akihubiri kwa mkalimani, kama alivyofanya Moshi na Kisumu mwaka 1960, ule mtindo wake uliwezekana vipi?

#16 Mtunza Shajara

Mzee, alikata sentensi. Akitumia Kiingereza kwa wasikilizaji wa Kiingereza, hoja iliweza kukimbia sentensi nne bila kituo. Kwa mkalimani, sentensi moja, kituo, sentensi moja. Hubiri linachukua karibu mara mbili ya muda wake, hivyo hoja moja au mbili zinaachwa nyumbani. Mzaha na mfano wa michezo ya Marekani hutolewa kabisa, maana mkalimani akianza kuufafanua mkutano umelala.

Mfano unaotajwa sana ni Seoul, Juni 1973, uwanja wa Yoido, watu zaidi ya milioni moja. Mkalimani Billy Kim alisikiliza mahubiri ya Graham mapema mpaka akazoea mwendo wake, sauti na mikono pia. Waliotazama picha bila kuwajua hawakuwa na hakika nani mhubiri na nani mkalimani. Mkalimani wa namna hiyo haokotwi jukwaani dakika kumi kabla.

#17 Sauti ya Tatu

Na zile takwimu za "waliookoka" zinazozunguka mitandaoni, za kila mji?

#18 Binti Kamati

Ofisi yenyewe iliwahesabu kama watu waliokuja kuuliza, wakagawanywa kwenye kadi: anayempokea Kristo mara ya kwanza, anayerudi, anayetaka uhakika wa wokovu, mwenye tatizo jingine. Watangazaji ndio hujumlisha makundi yote na kuandika "waliookoka". Ukikutana na takwimu ya mji fulani, tafuta kwanza kama ni jumla ya kadi au ni kundi la kwanza peke yake. Na ukitaka kuiga kwenye kamati yako, chapisha kadi yenye visanduku hivyo vinne tangu mwanzo, kwa sababu ukikusanya majina matupu usiku wa kwanza, hakuna karani atakayeweza kuyatenganisha wiki ya pili.